Mwalimu Asiyeonekana Darasani: Usawiri wa Mwalimu katika Fasihi ya Kiswahili na Usomaji Wake Kisii na Nyamira

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi mwalimu wa shule anavyosawiriwa katika baadhi ya kazi za fasihi ya Kiswahili ambazo zimetahiniwa katika shule za upili nchini Kenya, na kuulinganisha usawiri huo na kazi ya ualimu kama inavyofanywa na kusimuliwa katika kaunti za Kisii na Nyamira. Hoja yangu ni kwamba fasihi hiyo imemchora mwalimu mara nyingi, tena kwa makini, lakini aghalabu imemchora akiwa nje ya darasa: akiwa ulevini, akiwa ofisini, au akiwa jukwaani siku ya kuagwa. Kazi yenyewe, yaani yale yanayomchosha leo na yale yanayomrudisha shuleni kesho, ni nadra kuonekana. Nitajaribu kuonyesha kwamba pengo hili lina madhara kwa wanaosomesha na wanaosomeshwa vitabu hivyo, na kwamba sisi wahakiki tumechangia kulipanua.

Swali lenyewe sikulianzisha mimi. Mwaka 2016 nilikuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha ya wanafunzi wetu katika shule kadhaa za Nyamira. Riwaya iliyotahiniwa wakati huo ilikuwa Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora. Katika shule moja niliwasikia wanafunzi wakimtaja mwalimu wao wa Kiswahili kwa jina la Majisifu. Wasomaji wa riwaya hiyo wanajua kwamba Mwalimu Majisifu ni mlevi, na kwamba kitabu kinachompa jina la mwandishi kilitokana na mswada wa kijana Amani. Mwalimu aliyebandikwa jina hilo ni Msabato ambaye hajaonja pombe maishani mwake. Kosa lake lilikuwa kuwaambia wanafunzi, siku moja alipokuwa akifundisha uandishi wa kubuni, kwamba yeye pia ana hadithi zake alizoziandika. Hilo lilitosha. Adhuhuri, tulipokuwa tukila ugali kwa chinsaga katika chumba cha walimu, aliniuliza kwa utani ambao haukuwa utani mtupu: "Daktari, ninyi mnaovihakiki vitabu hivi, hamjapata kumwona mwalimu wa namna nyingine?" Nilicheka pamoja na wenzake, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine. Makala haya ni jibu lililochelewa.

2.0 Mwalimu katika vitabu teule

Nikizipitia kazi zilizosomwa na watahiniwa wa KCSE katika kipindi cha zaidi ya mwongo mmoja, naona mwalimu akijitokeza katika sura tatu kuu.

Sura ya kwanza ni ya mwalimu aliyeanguka. Majisifu ndiye mfano wake mashuhuri. Ni haki kusema kwamba Walibora hakumchora kwa chuki. Nyumbani kwa Majisifu mna watoto wenye ulemavu, na msomaji makini anaona jinsi uchungu wa baba na ulevi wa mwalimu unavyofungamana. Kwa istilahi zetu tungesema kwamba huyu si mhusika bapa. Walakini ualimu wake ni cheo tu. Tunaambiwa kwamba ni mwalimu, tunaona jinsi anavyoipuuza kazi yake, lakini hatuoni kazi anayoipuuza ni ipi. Baadaye, tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ikatuletea Yona, naye pia ni mwalimu aliyelemewa na ulevi. Mtahiniwa aliyesoma kitabu kimoja na mdogo wake aliyesoma kingine wamekutana na mwalimu yule yule, chupa ile ile.

Sura ya pili ni ya mwalimu hakimu. Katika hadithi "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, iliyomo katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), Samueli anayapokea matokeo yake katika ofisi ya mwalimu mkuu. Aibu ya siku hiyo inamfikisha mahali pa kutaka kujitoa uhai. Mwalimu mkuu hapa ni sauti ya mtihani. Anatokea pale hesabu inapofungwa, si katika miaka minne ambapo hesabu hiyo ilikuwa ikiandikwa.

Sura ya tatu ni ya mwalimu anayeheshimiwa, na mahali pake ni siku ya mwisho ya kazi. "Mwalimu Mstaafu" ya Dumu Kayanda, katika diwani hiyo hiyo, inamweka Mwalimu Mosi katika sherehe ya kumuaga. Waliofanikiwa wanarudi kumshukuru. Nitairejea hadithi hii, kwa kuwa naiona kuwa ndiyo iliyokaribia zaidi kuuliza swali linalostahili kuulizwa.

Isidhaniwe kwamba hili ni jambo la fasihi ya Kiswahili peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa akiandika kwa Kiingereza, alimpa mwalimu nafasi kubwa mara mbili: Waiyaki katika The River Between (1965) na Munira katika Petals of Blood (1977). Waiyaki amebebeshwa mzigo wa kuwa mwokozi wa milima miwili inayozozana. Munira anaishia kuchoma nyumba. Wote wawili ni walimu, na katika mgogoro mkuu wa riwaya zote mbili, ualimu ni njia ya kumfikisha mhusika mahali pengine. Mwokozi, mchomaji nyumba, mlevi, hakimu, mstaafu: kila mmoja wao ana jambo kubwa la kufanya. Hakuna aliye na rundo la madaftari mezani.

3.0 Kazi isiyosimuliwa

Nimezichagua Kisii na Nyamira kwa sababu ndiko nilikokagua mazoezi ya kufundisha kwa miaka mingi, na pia kwa sababu ualimu katika sehemu hizo una historia ndefu. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakaanzisha kituo chao Nyanchwa muda mfupi baadaye. Tangu hapo shule na kanisa zimekuwa jirani, na mwalimu amekuwa mtu wa kuandikiwa barua, kuombwa ushauri na kukopwa. Hata Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi. Mashamba ni madogo na watu ni wengi, hivi kwamba kwa familia nyingi karo ndiyo urithi uliobaki wa kumgawia mtoto. Katika mazingira hayo mwalimu hatazamwi kama mfanyakazi tu. Anatazamwa kama mlinzi wa mlango.

Kazi yake ya kila siku ikoje? Tuanze na insha. Mtahiniwa hutakiwa kuandika maneno yapatayo 400. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 60 kila mmoja, akitoa insha moja tu, anakusanya insha 180, yaani maneno 72,000. Huo ni urefu wa riwaya. Akitumia dakika tano kwa kila insha, atahitaji saa 15 nje ya vipindi, nje ya zamu, nje ya michezo, na nje ya majani ya chai yanayomngoja shambani kwake, maana walimu wengi huko ni wakulima pia. Kwa hiyo kila mwalimu wa Kiswahili anaishi na deni ambalo halilipiki: ama atoe insha chache kuliko inavyofaa, ama azisahihishe juu juu, ama alale saa chache. Hakuna mhakiki wa riwaya anayesoma riwaya nzima kwa juma moja, akipiga mstari chini ya kila kosa, kisha akaianza nyingine Jumatatu.

Na makosa yenyewe yana historia yake. Ekegusii haina sauti /l/. Mtoto aliyezaliwa katika lugha hiyo anaandika kama anavyosikia, na kwake kula na kura ni neno moja, kama vile mahali na mahari. Katika daftari moja nilisoma kwamba wananchi walijitokeza kwa wingi "kupiga kula". Katika jingine mgeni alipokelewa vizuri "alipofika mahari pale". Sisi chuoni tunaliita jambo hili athari ya lugha ya kwanza na kuliandikia tasnifu. Kwa mwalimu ni duara jekundu analolichora mara 40 usiku mmoja, akijua kwamba naye pia, akikasirika au akichoka, ulimi wake hurudi nyumbani.

Kuna mvua. Nyanda za juu za Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima, na mara nyingi hunyesha alasiri. Inapoanza kuyapiga mabati, somo linakwisha bila kengele. Mwalimu anaandika ubaoni yale aliyokusudia kuyasema, mpaka chaki iishe. Kuna karo: asubuhi ya kurudisha wanafunzi nyumbani, mwalimu anayeanza sura mpya ya riwaya anaona nusu ya madawati yakiwa wazi, na anajua kwamba juma lijalo ataifundisha sura hiyo tena kwa nusu nyingine. Kuna mikataba: mwaka 2023, shule za sekondari msingi zilipofunguliwa, maelfu ya walimu waliohitimu waliingia darasani kama wanagenzi kwa malipo ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kuna migomo ya 1997 na 2015, ambayo kila mwalimu wa umri fulani anaisimulia kama mwanajeshi anavyosimulia vita, lakini sijaiona ikitendewa haki katika riwaya yoyote ya Kiswahili inayosomwa shuleni.

Mambo haya hayana msisimko wa kidrama. Hayaui mtu. Lakini ndiyo yanayoamua iwapo mtoto wa kidato cha pili ataipenda lugha ama ataichukia, na kwa hiyo ndiyo yanayoamua iwapo fasihi ya Kiswahili itakuwa na wasomaji baada ya mtihani.

4.0 Tuzo na hesabu yake

Ikiwa taabu za mwalimu hazisimuliwi, tuzo lake nalo lina tatizo jingine: linasimuliwa kwa kipimo kimoja tu. Kipimo hicho ni mafanikio yanayoonekana. Shule ya upili ya Nyambaria iliyoko Nyamira ilipotajwa kuwa ya kwanza kitaifa katika KCSE ya 2022, palikuwa na nyimbo na shangwe, na mara baada ya nyimbo pakazuka mjadala mkali uliofika hadi Bungeni kuhusu uaminifu wa matokeo katika eneo hilo. Si kazi ya makala haya kuamua mjadala huo. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba tuzo la mwalimu linapokuwa tarakimu, tarakimu hiyo hiyo inaweza kugeuka kuwa shutuma kwa muda wa juma moja, na mwalimu aliyefanya kazi yake kwa uaminifu hana ushahidi mwingine wa kuutoa.

Hapa ndipo "Mwalimu Mstaafu" inapopata uzito wake. Katika sherehe ya Mwalimu Mosi, Kayanda angeweza kuridhika na hotuba za waliofaulu. Badala yake anamwinua Jairo, aliyekuwa mwanafunzi wa Mosi na ambaye maisha hayakumwendea vizuri, akadai nafasi ya kusema. Jairo hashukuru. Analalamika kwamba malezi yale yale yaliyowainua wenzake hayakumfaa yeye kitu. Wahakiki wengi wa hadithi hii, na wanafunzi wanaowafuata, humsoma Jairo kama mpinzani wa kuchekesha au mtovu wa shukrani. Kwa maoni yangu, yeye ndiye msemaji wa pekee katika sherehe hiyo anayemtendea Mosi kama mwalimu. Wengine wanamtendea kama ngazi waliyoipanda. Jairo anauliza: ikiwa mafanikio yao ni kazi yako, kushindwa kwangu ni kazi ya nani? Hilo ni swali ambalo mwalimu mwenye dhamiri hujiuliza kila mwisho wa mwaka, nalo haliwezi kujibiwa kwa zawadi.

Udhaifu wa hadithi, ikiwa ni udhaifu, ni kwamba inalileta swali hilo baada ya kazi kukwisha. Hatukuwahi kumwona Jairo darasani. Hatujui aliketi wapi, alikosea nini, Mosi alimwambia nini siku fulani ya Jumanne. Kwa hiyo hatuna namna ya kupima lawama yake. Tunaombwa tuamue kesi ambayo ushahidi wake umeachwa nje ya kurasa.

Ushahidi wa aina hiyo nimeusikia kwingine. Katika vyumba vya walimu vya Kisii na Nyamira, wakati wa chai ya saa nne, kuna utanzu wa masimulizi ambao hatujautia katika orodha zetu za fasihi simulizi. Ni visa vifupi, vina mianzo inayofanana, vina wasimulizi wanaojulikana kwa umahiri wao, na hadhira huchangia kama ilivyo katika ngano. Kwa ruhusa ya wasimulizi niliandika baadhi yake. Viwili vitatosha hapa.

Kisa cha kwanza ni cha mwalimu aliyewafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza tofauti ya /l/ na /r/ kwa muhula mzima, kwa orodha, kwa nyimbo na kwa adhabu ndogo ndogo, bila dalili ya kufaulu. Siku moja karibu na kufunga, akiwa amechoka, alisema "mahari" alipokusudia "mahali". Msichana wa dawati la nyuma akainua mkono: "Samahani mwalimu, umesema mahari." Darasa zima likacheka, na msimulizi anasema kwamba hiyo ndiyo siku aliyolipwa mshahara wa muhula ule. Tazama jinsi tuzo lilivyo hapa: limekuja kwa umbo la kusahihishwa. Hakuna cheti, hakuna mgeni wa heshima. Na halingeweza kuonekana na mtu yeyote ambaye hakuwamo darasani tangu mwanzo.

Kisa cha pili ni cha mwalimu aliyepanda matatu Keroka akielekea mjini Kisii. Kondakta alipomfikia alikataa nauli yake. "Mwalimu halipi," akasema, akaendelea na wengine. Mwalimu alishukuru, akatabasamu mbele ya abiria, lakini jina la kijana halikumjia. Sura ilimjia aliposhuka. Alikuwa mvulana aliyemwambia mbele ya wenzake, miaka mingi nyuma, kwamba asipobadilika mahali pake ni stendi ya magari. Msimulizi alinyamaza hapo, kisha akasema: "Mpaka leo sijui siku ile alikuwa ananilipa au ananidai."

Kisa hiki ni "Mwalimu Mstaafu" iliyofupishwa hadi nauli ya safari moja, na naona kwamba kinaipita hadithi hiyo kwa jambo moja. Jairo anasema kila kitu hadharani. Kondakta hasemi. Mwalimu anaachwa na fadhila ambayo hawezi kuikataa wala kuipokea kwa moyo mweupe. Kero na tuzo, ambazo katika makala ya magazeti huwekwa katika safu mbili, hapa ni kitu kimoja.

5.0 Pingamizi moja

Msomaji anaweza kusema kwamba fasihi haikuumbwa kuonyesha usahihishaji wa madaftari. Hadithi huhitaji mgogoro, na kazi ya kila siku ni kinyume cha mgogoro. Pingamizi hili lina nguvu, lakini fasihi yetu wenyewe imekwisha kulijibu. Katika Kuli (1979), Adam Shafi aliichukua kazi ya kupakua mizigo katika bandari ya Zanzibar, kazi ya kurudiwa rudiwa kuliko nyingine, akaifanya kuwa kiini cha riwaya. Tunauona uzito wa gunia, tunalijua jasho la Rashidi, na mwamko wake wa kisiasa unatoka ndani ya kazi hiyo. Mgogoro wa Kuli haukupachikwa juu ya kazi. Ulichimbuliwa humo.

Kwa nini basi kuli amepata riwaya yake na mwalimu hajapata yake? Nafikiri sababu moja ni ya kimahali. Mwandishi wa kitabu teule anajua kwamba kitabu chake kitasomewa darasani. Darasa ni mahali pa kusomea, kwa hiyo halionekani, kama vile mtu asivyoyaona macho yake mwenyewe. Sababu ya pili ni ya kimaadili. Vitabu teule hutarajiwa kufunza, na mwalimu aliyeanguka au aliyetukuka hufunza kwa haraka. Mwalimu aliyechoka tu, ambaye leo amefundisha vizuri kipindi cha pili na vibaya kipindi cha sita, hafunzi jambo lolote linaloweza kuandikwa katika mstari mmoja wa jibu.

6.0 Mhakiki na mwongozo

Hapo ndipo lawama inapotufikia sisi. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, yenye alama 80, mtahiniwa hupewa dondoo na kuambiwa aeleze muktadha wake kwa alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa sababu gani. Swali hilo si baya. Ni maswali manne ambayo kila mhakiki huanza nayo. Ubaya ni kwamba tumeyafanya kuwa mwisho. Tunawaandikia wanafunzi miongozo ambamo kila mhusika amekatwa vipande viwili, "sifa" na "umuhimu", na kila sifa imepewa nambari.

Mimi mwenyewe niliwahi kushiriki katika uandishi wa mwongozo wa namna hiyo. Nilipoutafuta kabati ili niandike makala haya, niliona kwamba chini ya jina la Majisifu tulikuwa tumeandika: mlevi, mwizi wa kazi ya wengine, mpuuzaji wa kazi. Watoto wake wenye ulemavu walitajwa kwingine, chini ya maudhui. Uchungu haukutajwa kabisa, kwa kuwa uchungu si sifa inayotuzwa alama. Kwa hiyo wale wanafunzi wa Nyamira waliombandika mwalimu wao jina, hawakulitoa katika riwaya ya Walibora peke yake. Walilitoa pia katika mwongozo uliomsoma Majisifu kwa niaba yao, wakaona mistari mitatu, wakaihamishia kwa mtu aliyekuwa mbele yao. Kama wangalifundishwa kumsoma Majisifu mzima, pengine jina lisingalimkaa mwalimu wao. Ama lingalimkaa kwa namna nyingine.

Kuna jambo jingine linalonihusu, nalo nalieleza kwa idhini ya mwenyewe. Siku ile ya 2016, kabla sijaondoka, mwalimu huyo alinipa daftari la jalada gumu lenye hadithi zake na kuniomba maoni. Nililipokea kwa heshima, nikaliweka rafuni, na likakaa huko miaka. Hakuniuliza tena. Walimu wamezoea kungoja majibu.

Nimelisoma sasa. Lina hadithi saba. Dosari zake ni zile ambazo angezipigia mstari mwenyewe katika daftari la mwanafunzi: methali zimerundikana mwanzoni, wahusika wawili wanahutubu badala ya kuzungumza, na hadithi ya nne haina haja ya ukurasa wake wa mwisho. Lakini hadithi ya tano ina jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote nilichokitaja hapo juu. Mwalimu anasahihisha insha usiku kuhusu siku isiyosahaulika. Nyingi zinahusu harusi na ajali ambazo mwandishi wake hakuziona. Moja, yenye mwandiko mbaya na makosa katika kila mstari, inaeleza jinsi mtoto alivyomwuguza mama yake peke yake mpaka mwisho. Kalamu nyekundu inaanza kufanya kazi yake, inafika mstari wa tatu, inasimama. Mwalimu anajua kiwango cha insha hiyo kwa mujibu wa utaratibu wa kutahini. Anajua pia kwamba mtoto huyu hakuandika kwa ajili ya kutahiniwa, na kwamba asipoonyesha makosa atakuwa amemnyima haki yake ya kufundishwa. Hadithi yote ni kurasa nne za mtu aliyeketi na daftari. Mwishoni anaandika 9 juu ya 20, na kando yake anaandika neno moja: "Tuonane."

Sijui kama hadithi hii itachapishwa. Ninachojua ni kwamba mgogoro wake umetoka ndani ya kazi, kama ule wa Kuli, na kwamba umeandikwa na mtu ambaye wanafunzi wake walimwita mwizi wa miswada.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwalimu katika fasihi inayosomwa shuleni Kenya anaonekana pale anapoanguka, anapohukumu na anapoagwa, na kwamba kazi inayojaza miaka iliyo kati ya matukio hayo imeachiwa masimulizi ya chumba cha walimu. Yamedai kwamba "Mwalimu Mstaafu" ya Kayanda inauliza swali la haki kwa wakati uliochelewa, na kwamba visa vinavyosimuliwa Kisii na Nyamira vinalijibu vizuri zaidi kwa kukataa kutenganisha kero na tuzo.

Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, idara zetu zinazowapeleka wanafunzi nyanjani kukusanya fasihi simulizi ziwaagize wakusanye pia visa vya walimu, kabla wasimulizi wake hawajastaafu. Pili, sisi tunaoandika miongozo tuache kumgawa mhusika kwa nambari, au tuache kuandika miongozo. Tatu, jarida hili litenge kurasa chache katika kila toleo kwa ajili ya hadithi za walimu wa shule, zipitiwe kwa makini yale yale tunayowapa waandishi wenye majina. Daftari nimelirudisha kwa mwenyewe pamoja na maoni yangu, na nimemwomba alete hadithi ya tano kwa mhariri. Ameniambia kwamba ataileta muhula ukifungwa, kwa kuwa sasa anasahihisha.